Anayepiga tarumbeta kwenye gemu za vyuo Marekani, analipwa au anaishia kula piza?

Tangu habari za wachezaji wa vyuo vya Marekani kulipwa zianze kuzunguka kwenye magrupu, kuna swali linanijia kila baada ya siku mbili tatu, mara shemeji, mara jamaa tuliosoma naye, na mwezi uliopita likaja kutoka kwa mpwa wangu ambaye yuko hukohuko mwaka wa pili, anasoma na anapiga tarumbeta. Swali lenyewe ni hili: kama dogo wa basketi sasa anavuta mshiko, je yule anayempigia tarumbeta nyuma ya goli naye analipwa?

Kwa kifupi ni hivi, baadhi yao wanalipwa, ni hela ndogo, na mara nyingi hiyo hela haiitwi mshahara. Hapo kwenye jina ndo watu wengi wanapotea, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza tujue tunaongelea bendi gani. Chuo kikubwa Marekani huwa kina bendi ya gwaride, watu mia mbili au mia tatu wamevaa magwanda, wanaingia uwanjani wakati wa mapumziko ya futboli yao ile ya mpira wa yai. Msimu wa basketi ukifika ukumbi ni wa ndani, watu wote hao na matuba yao hawaenei, basi wanachujwa ishirini, thelathini hivi, wanapewa viti nyuma ya goli. Hilo kundi dogo ndo wenyewe wanaliita pep bendi. Anayefuatilia Simba na Yanga hahitaji tafsiri, hiyo ni bendi ya hamasa. Haikuja kutumbuiza, imekuja kuamsha jukwaa na kumvuruga mpinzani.

Niliwahi kukaa safu mbili tu nyuma yao. Usichokiona kwenye tivii ni kwamba wanapiga vipande vifupi sana, nusu dakika, dakika moja, wakati wa taimauti tu, maana sheria hairuhusu kupiga wakati mpira unachezwa. Mwongozaji anaangalia uwanja kwa jicho moja na bendi kwa jicho jingine, refa akishika mpira tu anakunja ngumi hewani na wimbo unakatwa katikati kama umeme wa mgao. Dada wa tromboni aliyekuwa mbele yangu kila wimbo ukikatwa anafungua kivalvu anamwaga mate kwenye taulo la miguuni, anafunga, anasubiri tena. Kwa masaa mawili na ushee. Nilitoka pale masikio yanavuma na heshima yangu kwao imepanda.

Sasa hela. Bongo tunajua vizuri tofauti ya mshahara, posho na nauli, hata mtoto wa darasa la saba anajua ukienda kwenye semina ukapewa bahasha huwezi kusema umeajiriwa. Ichukue akili hiyohiyo uhamie nayo Marekani, utaelewa karibu kila kitu kwenye hii mada.

Vyuo vingi havitoi hela taslimu kabisa. Unapata tisheti, unaingia gemu bure na kiti kizuri kuliko cha aliyelipa, na piza kabla ya mchezo, na hiyo piza usiidharau, mwanafunzi anaweza kukumbuka ratiba yake ya gemu kwa piza. Kuna vyuo bendi inahesabika kama somo lenye krediti moja, na hapa ndo kuna kituko, krediti inalipiwa ada. Wengi ada yao ni ya jumla hawaoni tofauti, ila kwa anayelipa kwa idadi ya krediti maana yake anakilipa chuo ili apige tarumbeta kwenye gemu za chuo.

Halafu kuna vyuo vinatoa skolashipu ya bendi, kiasi fulani kwa muhula, mara nyingine kinakatwa moja kwa moja kwenye ada na wewe huioni hata senti, mara nyingine unapewa mkononi. Vingine vinalipa kwa gemu, umehudhuria umesaini umepata, hujaja hujapata. Na timu ikisafiri kwenda mashindano kunakuwa na posho ya chakula. Hiyo posho ni ya kula kweli, siyo malipo ya kupiga, ila wanafunzi ni wanafunzi, nawajua waliokula tambi za kikombe siku nne ili warudi na posho yao mfukoni.

Kwa nini chuo hiki kinalipa na jirani yake hakilipi? Kikubwa ni nani anamiliki bendi. Kuna mahali bendi ipo chini ya idara ya muziki, ambayo yenyewe inahangaika kutengeneza piano mbovu, huko usitegemee makubwa. Kuna mahali idara ya michezo ndo inagharamia, na idara ya michezo ikiona jukwaa linanyamaza inatoa hela. Pia chuo kisicho na shule kubwa ya muziki kinapata shida kukusanya watu, wanafunzi wachache wanaojua ala ndo hao hao wana maabara, wana kazi jioni, kwa hiyo kinalazimika kuwalipa ili waje. Tofauti na mnavyodhani, si lazima chuo chenye bendi maarufu ndo kilipe vizuri. Pale ambapo watu mia wanagombania nafasi thelathini, kuna haja gani ya kulipa?

Tupige hesabu kidogo, na hii ni hesabu ya mfano tu. Tuseme unapewa dola 40 kwa gemu. Gemu ya basketi ya vyuo ni dakika 40 za saa ya uwanjani ila na mataimauti ya matangazo inaenda masaa mawili na zaidi, bendi inatakiwa kufika karibu saa nzima kabla, baadaye kufungasha ngoma na kurudisha vifaa. Weka masaa manne, hiyo ni dola 10 kwa saa. Ongeza masaa mawili ya mazoezi ya wiki hiyo, inakuwa masaa sita, umeshuka hadi dola 6 na senti 67. Kima cha chini cha serikali ya shirikisho ni dola 7.25 tangu mwaka 2009, na majimbo mengi yana kima cha juu zaidi ya hapo.

Mtu akiona hiyo hesabu anauliza fasta, si wizi huo? Hapa ndo sheria inaingia. Wizara ya Kazi ya Marekani ina mwongozo wa wakaguzi wake unaosema mwanafunzi anayeshiriki shughuli za nje ya darasa ambazo kimsingi ni kwa faida yake kielimu hahesabiki kama mwajiriwa, na mwongozo unazitaja kabisa, maigizo, magazeti ya wanafunzi, kwaya, vilabu vya mdahalo, redio za chuo, michezo, na bendi. Bendi imeandikwa waziwazi. Kwa hiyo tarumbeta na basketi vilikuwa kwenye kapu moja miaka yote, kapu la "huyu yuko hapa kujifunza". Ndo maana, kwa maoni yangu, vyuo vinapenda sana kuita hela hii skolashipu au stipendi, yaani posho ya mwanafunzi, na vinaliogopa neno mshahara. Ukishasema mshahara umefungua mlango wa kima cha chini, kuhesabu masaa, bima ya kuumia kazini, na pengine chama cha wafanyakazi.

Na hilo kapu sasa linavuja, upande wa michezo. Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo. Julai 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho, kwenye kesi ya Johnson dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikasema kumwita mchezaji ridhaa peke yake hakutoshi kumnyima hadhi ya mfanyakazi, lazima uangalie anafanya nini hasa na nani anamwamuru. Hoja moja iliyotumika na upande wa wachezaji ni tamu sana: mwanafunzi anayeuza vitafunwa au kukata tiketi kwenye gemu analipwa kwa saa kama mfanyakazi wa chuo, inakuwaje anayetazamwa na watu wote hao asilipwe? Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji walikuwa wanaidai NCAA, na kuanzia Julai 1 vyuo vikaruhusiwa kuwagawia wachezaji hela moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza.

Ni hapo magrupu yakachanganyikiwa. Nimesoma mtu anaandika kwa kujiamini kabisa kwamba hizo milioni 20.5 zinagawanywa kwa wachezaji, machialida (wale wanaoshangilia kwa kucheza pembeni ya uwanja) na bendi. Hapana. Ni za wachezaji tu, na ni dari, siyo deni, chuo kinaweza kutoa pungufu au kisitoe kabisa. Bendi haimo kwenye hayo makubaliano. Na mimi naona hatari iko upande mwingine, maana hizo milioni lazima zitoke kwenye bajeti ileile, na mhasibu wa idara ya michezo akianza kutafuta pa kukata hataanzia kwa kocha.

Uongo mwingine unaosambaa ni kwamba zamani wanabendi walikatazwa kupata hela kama wachezaji. Ni kinyume chake kabisa! Masharti ya uridhaa ya NCAA yaliwabana wanamichezo, siyo wanamuziki. Kabla ya 2021 muogeleaji akitangaza sabuni alikuwa anahatarisha nafasi yake ya kushindana, lakini wakati huohuo mpiga saksafoni wa chuo hichohicho angeweza kupiga baa Ijumaa, harusini Jumamosi, Jumapili kanisani, akafundisha watoto kwa saa na kurekodi albamu, na hakuna aliyemgusa. Wanaoipinga NCAA walikuwa wanautumia mfano huu sana. Sasa meza imegeuka nusu, mchezaji analipwa ndani ya chuo, mwanamuziki bado hela yake nzuri iko nje.

Nje kuna biashara moja nzuri, bendi ya kukodi. Kwetu hilo si jipya, nani hajaona matarumbeta ya harusi yakipita juu ya pikapu Kinondoni, wale jamaa hawamjui bwana harusi wala bibi harusi, wamelipwa na wanapuliza kama wamezaliwa nyumba hiyo. Kwenye mashindano makubwa ya Machi ya NCAA inatokea vilevile. Bendi inaruhusiwa wapigaji 29 tu, timu inaweza kupangiwa kucheza upande wa pili wa nchi, na wanafunzi wenyewe wako likizo. Machi 2024 timu ya chuo cha Yale cha Connecticut ilipangiwa Spokane, kule jimbo la Washington, bendi yake ikashindwa kwenda kwa sababu ya likizo. Wakaombwa vijana wa Chuo Kikuu cha Idaho ambao chuo chao kipo karibu na Spokane, wakajifunza wimbo wa Yale fasta fasta, wakavaa tisheti za Yale, wakakaa nyuma ya goli wanashangilia timu isiyo yao. Yale ikaitoa Auburn 78 kwa 76, Auburn ambayo ilipewa nafasi kubwa kuliko wao. Ukiangalia picha za siku ile huwezi kujua nani ni wa Yale na nani wa kuazimwa, wote wanaruka.

Mashindano hayohayo ya wanaume, haki zake za matangazo, mkataba ulioongezwa mwaka 2016 peke yake ni dola bilioni 8.8 kwa miaka minane. Naitaja tu.

Kabla sijasahau, kuna sehemu ambako bendi ndo mpango mzima. Vile vyuo vya kihistoria vya Weusi, Florida A&M na Marching 100 yao, Southern na Human Jukebox, Jackson State na Sonic Boom of the South, kule watu wanakaa vitini wakati wa mapumziko na wanaenda kununua chakula mpira ukirudi. Marching 100 walipelekwa Paris 1989 kwenye gwaride la miaka mia mbili ya mapinduzi ya Ufaransa, na bendi ya Tennessee State ilichukua Grammy mwaka 2023. Kule skolashipu ya bendi ni kitu mtu anachokiwania tangu sekondari, kwenye majaribio anapiga mbele ya walimu jasho linamtoka. Ila hata kule ni skolashipu, bado siyo mshahara.

Kitu kingine kinachofanya ratiba iwe ndefu kuliko unavyofikiri ni ile sheria ya Title IX ya 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu. Kwenye michezo inaangalia hadi nani anapigiwa bendi, kwa hiyo chuo kikiwapelekea wanaume bendi kila gemu na wanawake wakaachwa na spika, kinaweza kuulizwa. Ukisaini bendi ya hamasa usidhani ni gemu za wanaume tu, kuna basketi ya wanawake, pengine voliboli, na Jumanne baridi digrii hasi kumi upo njiani na begi la tarumbeta.

Turudi kwa mpwa wangu sasa, maana yeye ndo kanifanya niandike yote haya. Tarumbeta alijifunzia kanisani Moshi, kwenye bendi ya usharika, ule utamaduni wa tarumbeta za Kilutheri ulioachwa na wamisionari wa Kijerumani, kwa hiyo kusoma noti anasoma vizuri kuliko wenzake wengi waliokulia hukohuko. Akapokelewa. Wiki ya tatu akanitumia picha ya fomu: "Mjomba, wanataka kunipa hela, nisaini?"

Kwa mwanafunzi wa viza ya F-1 swali siyo shilingi ngapi, swali ni nani anaandika cheki. Akilipwa na chuo chake mwenyewe kama kazi ya ndani ya chuo inaruhusiwa, ila inaingia kwenye kikomo cha masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kama tayari unafanya maktaba masaa 18, bendi inayolipa kwa saa imebakiza mawili tu, na kuzidisha siyo kosa dogo, ni viza yako. Skolashipu inayokatwa kwenye ada ni habari tofauti na haihesabiwi masaa. Ule mpango wa serikali wa kazi za wanafunzi, wokstadi, usiujaze hata ukitumiwa, hauwahusu wenye F-1.

Na kodi ipo. Skolashipu iliyoenda kwenye ada na vitabu vinavyotakiwa darasani haitozwi, inayobaki mkononi ya kulia chakula na kulipia chumba inatozwa, kwa mwenye F-1 kawaida chuo kinakata asilimia 14 juujuu, na Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia. Hela ikiwa wazi kwamba ni malipo ya kazi inakatwa kama mshahara. Kingine, wakati mwingine skolashipu ya bendi ikiingia, ofisi ya fedha inapunguza msaada mwingine uliokuwa nao, kwa hiyo uliza kabla hujashangilia. Vyuo vingine vinarekebisha hesabu hiyo kimyakimya, unakuja kuiona kwenye bili.

Fomu ya mpwa wangu ilikuwa ya chuo chake, stipendi ya muhula, nikamwambia apite kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa wampe jibu kwa maandishi. Wakamwambia sawa. Akasaini.

Februari ikaja ya pili. Kuna timu ya chuo kingine inakuja kucheza mji wa jirani bila bendi, wanatafuta wapigaji, wanalipa kila mtu mkononi, hela nzuri kuliko stipendi yake ukiigawa kwa mwezi. Nikamwambia hiyo hapana, anayelipa siyo chuo chako. Akasema basi nitapiga bure, mjomba, nipo tu na washkaji. Nikamwambia kaulize hilo pia, na ofisi ikamjibu kama nilivyohofia, kufanya bure kazi ambayo wenzako wote wanalipwa hakukuondoi kwenye matatizo, kunaweza kukuingiza vilevile.

Alinuna, siwezi kudanganya. Jumamosi wenzake wakapanda basi, yeye akabaki chumbani na tivii. Kipindi cha pili kimeanza tu nikapata meseji: "Mjomba, umemsikia huyo waliyemweka kwenye kiti changu? Taimauti ya pili hii, ile noti ya juu hajaipata."